Nijazie nini nafasi ya marisau niliyoyapunguza kwenye risasi za shotigani?

Mpwa wa Nanyamba

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni mkulima wa korosho na muhogo upande wa Nanyamba, na suala langu linahusu risasi za shotigani ya kipimo cha 12, yenye mitutu miwili, ambayo niliachiwa na marehemu mjomba wangu. Ili tusipotezeane muda, niseme mapema kwamba bunduki hii ninaimiliki kihalali: baada ya arobaini niliikabidhi polisi pamoja na leseni ya marehemu, nikaomba umiliki kuanzia serikali ya kijiji, na nilirudishiwa baada ya leseni kutoka kwa jina langu.

Shida yangu ni bega. Miaka mitatu iliyopita nilianguka kutoka juu ya mkorosho nikavunjika mtulinga, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo kila ninapofyatua bunduki hii kuwatisha nguruwe pori wanaofukua muhogo usiku, ninakaa siku mbili bila kuweza kuinua jembe. Risasi ninazozipata zimeandikwa gramu 32, yaani uzito wa marisau, zile punje zilizomo ndani. Mjomba alikuwa mtu wa kifua kipana na hakuwa na tabia ya kulalamika, ingawa hata yeye siku zake za mwisho alikuwa akisema kwa utani kwamba bunduki hii imeanza ukali uzeeni.

Nilichokusudia ni kufungua mikunjo ya mdomo wa ganda, kumwaga gramu 8 za marisau ili zibaki 24, kuziba nafasi iliyobaki kwa kitu chepesi, kisha kuirudisha mikunjo kama ilivyokuwa. Nimekwisha kufungua risasi saba na sijafyatua hata moja, kwa sababu nilipojaribu kufunga mdomo bila kuweka kijazio, mikunjo ilididimia ndani na marisau yakawa yanacheza kama njuga. Vitu nilivyo navyo karibu ni sufi, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, pumba na makapi ya mpunga, unga wa mbao kutoka kwa seremala, maganda ya korosho yaliyotwangwa, na povu la kandambili kuukuu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kipi kinafaa na kipi hakifai, pamoja na sababu zake, maana kuambiwa "usifanye" peke yake hakutanisaidia wakati nguruwe wanaendelea kula.

Bwana Nyama Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole kwa bega. Mambo ya kijazio nitawaachia wanaoyajua, ila kuna jambo lazima litangulie. Kumiliki bunduki na kutengeneza risasi ni vitu viwili mbele ya sheria. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inataka anayetengeneza risasi awe na kibali cha kazi hiyo, na leseni yako ya umiliki haikufikishi huko hata kama risasi ni za matumizi yako mwenyewe. Mtu anayemwaga marisau, anayepachika kitu kingine ndani na kufunga ganda upya, atapata taabu kumweleza askari kwamba hakutengeneza kitu. Umesema umefungua saba. Ushauri wangu ni kwamba ziishie hizo.

Jambo la pili ni dogo lakini huwaponza wengi. Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Kuwatisha nguruwe wasiingie shambani hakuna atakayekuuliza, lakini akifa mmoja katika kulinda mazao, taarifa ipelekwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya kama sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inavyotaka, hata kama kijijini kwako hakuna anayemla.

Nimefanya doria upande wa Liwale kwa miaka mingi, na magobore tuliyokuwa tukiyakamata yalikuwa yameshindiliwa kila kitu unachokitaja hapo: makumbi, matambara, karatasi za madaftari ya watoto. Wenye magobore hayo wengi niliwakuta wamepungukiwa kidole au jicho. Sisemi haya kukutisha, nasema kwa sababu nilikuwa ninayaandika kwenye ripoti.

Baharia wa Mikindani

Ndugu yangu wa Nanyamba, swali lako ni la haki na umelieleza vizuri, kwa hiyo nitajaribu kulijibu kwa sababu na si kwa amri. Nilikaa Uingereza miaka sita, na mwenyeji wangu mmoja alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga visahani vya udongo. Huko mwenye cheti cha shotigani anaruhusiwa kujaza risasi zake, na nilikaa naye jioni nyingi katika banda lake nikitazama na kushika shika. Kwa hiyo hicho unachokiita kijazio ninakifahamu, na ninafahamu pia kwa nini alichokuwa akikifanya yeye sicho unachotaka kukifanya wewe.

Tuanze na ukubwa wa hiyo nafasi yenyewe, kwa kuwa watu huiona kubwa kuliko ilivyo. Marisau ya risasi nyeusi, yaani ya madini ya risasi, yakijazwa ndani ya ganda huacha mianya kati ya punje na punje, hivyo sentimita moja ya ujazo hubeba kama gramu 7 hivi. Mtutu wa kipimo cha 12 una kipenyo cha milimita 18.5. Ukitoa gramu 8, umeacha nafasi yenye kimo cha milimita 4 na kitu tu, ambayo ni ndogo kuliko unene wa penseli. Unaweza kujiuliza kwa nini milimita 4 zilete maneno yote haya, na jibu ni kwamba ndani ya ganda hakuna kitu kinachokaa kwa ajili ya kujaza nafasi peke yake. Kuanzia chini kuna fataki ya kuwashia, juu yake baruti, juu ya baruti kizibo, juu ya kizibo marisau, na juu kabisa mikunjo sita au minane iliyofunga mdomo. Vitu hivyo vinabanana kama watu kwenye basi la Newala siku ya gulio. Fataki inapolipuka, baruti haianzi kuungua sawasawa mpaka ikutane na upinzani, na upinzani huo unatokana na uzito wa marisau, ubanaji wa kizibo na ugumu wa mikunjo, vyote kwa pamoja. Ukilegeza kimoja umebadilisha namna baruti inavyoungua, na hapo hujagusa baruti yenyewe hata chembe.

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalioni. Baruti za shotigani si za aina moja. Kiwanda kinapotengeneza risasi ya gramu 24 hakichukui ile ya gramu 32 na kupunguza marisau. Kinatumia baruti inayoungua haraka zaidi pamoja na kizibo kirefu zaidi, ili uzito mdogo usukumwe sawasawa. Baruti ya gramu 32 ni ya polepole zaidi kwa sababu ilitarajia kusukuma mzigo mzito. Ukiipa mzigo mwepesi na mikunjo iliyolegea, inaweza isifikie shinikizo lake, ikaungua nusu, na badala ya mlio ukasikia "pufu". Ukisikia mlio wa namna hiyo shambani usiku, usifyatue tena hata kama nguruwe amesimama mbele yako, kwa maana kizibo kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikikikuta humo, mtutu huvimba au hupasuka, na unapasuka pale mkono wako wa kushoto ulipoushikilia. Kwa hiyo hatari ya risasi uliyoipunguza haiko katika nguvu nyingi kama watu wanavyodhani. Iko katika unyonge wake.

Sasa vijazio. Wanaojaza risasi nyepesi kihalali huviweka ndani ya kikombe cha kizibo, chini ya marisau, wala hawaviweki juu ya baruti. Mwenyeji wangu alitumia visahani vya kadibodi ngumu vilivyokatwa kwa kipimo cha 20, kwa sababu kisahani cha kipimo hicho hukaa barabara ndani ya kikombe cha plastiki cha kipimo cha 12. Wengine hutumia visahani vya gamba la mwaloni, lile la vizibo vya chupa, au vya manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. Marekani wapo hata wanaoweka vipete vya Cheerios, ambavyo ni chakula cha watoto cha asubuhi, na nilipoambiwa nilidhani ninataniwa. Ukivitazama vyote utaona vina tabia moja: ni vyepesi, vina umbo na kimo kinachojulikana, havitiririki, na vikibanwa vinabonyea kiasi fulani bila kurudi kwa nguvu. Juu ya hayo, mtu huyo anafuata jedwali lililopimwa maabara linalotaja ganda gani, fataki gani, baruti gani kwa uzito gani na kizibo gani, na haruhusiwi kubadilisha hata kimoja kwa kukisia. Kwake yeye kijazio ni marekebisho ya mwisho ya milimita moja au mbili katika hesabu iliyokwisha kamilika. Wewe unataka kijazio kiwe ndiyo hesabu yenyewe.

Vitu ulivyovitaja nitavipitia kwa sababu umeomba sababu. Sufi huonekana kama inajaza, lakini ikikandamizwa inakuwa si kitu, na baada ya wiki moja ya kutikiswa mfukoni mikunjo itakuwa imelegea tena. Unga wa mbao na pumba ni vumbi. Hupenya kati ya marisau, na marisau yaliyojazwa mianya yake hayabonyei wala kupangika upya yanapoanza kusukumwa, jambo linalopandisha shinikizo. Ndiyo maana viwanda vinavyoweka chembe za plastiki kati ya marisau makubwa vina hesabu tofauti kabisa kwa risasi hizo. Vumbi hilo likishuka hadi kwenye baruti, basi hujui tena una baruti kiasi gani na kitu kingine kiasi gani. Pumba, isitoshe, ina mafuta na inavuta fukusi. Makapi ya mpunga yana silika, ile ile ya mchanga, na kuyapitisha mtutuni mara kwa mara ni sawa na kuusugua mtutu kwa msasa. Povu la kandambili lina kasoro ya kinyume: linabonyea vizuri halafu linarudi, na likirudi linaisukuma mikunjo kutoka ndani mpaka mdomo unafunguka wenyewe.

Kuna na unyevu wa kwetu. Mwenyeji wangu alikuwa akilalamika kuhusu unyevu wa Uingereza, nami nikawa ninacheka moyoni nikikumbuka Mikindani mwezi wa tatu. Vitu vyote vya mimea hunywa unyevu na kuutoa, na nafasi ya milimita 4 uliyoipima leo haitakuwa milimita 4 mwezi ujao.

Bi Mkulima, Tandahimba

Mdogo wangu, Baharia ameeleza vizuri, ila amesahau maganda ya korosho na makumbi, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Mafuta ya ganda la korosho tunayajua sisi tunaobangua kwa mkono, maana yanachubua ngozi hadi kwenye mifupa ya vidole, na ndiyo sababu tunajipaka majivu. Kuyatwanga maganda hayo na kuyapachika ndani ya risasi ni kuruhusu mafuta yale yatambae mpaka kwenye baruti, na baruti iliyolowa mafuta haiaminiki. Isitoshe mafuta yale yanashika moto vizuri sana. Wanaochoma maganda viwandani wanajua joto lake.

Makumbi nayo yana tabia ambayo kila mtu wa pwani anaijua, ya kushika cheche bila kuwaka, yakaenda nayo polepole. Bibi zetu walikuwa wakihifadhi moto kwa kumbi tangu magharibi hadi alfajiri. Ukirusha kumbi lenye cheche kwenye shamba mwezi wa nane, majani yamekauka na wewe hujapalilia chini ya mikorosho, unaweza kurudi kulala na kuamka ukikuta ekari mbili zimekwenda, zako na za jirani. Nguruwe hawezi kukupa hasara ya namna hiyo hata akikaa mwezi mzima. Na ukiwa shambani nyakati hizo, elekeza mtutu chini mahali wazi na usipige kupitia kwenye matawi, kwa sababu ni wakati wa maua, na marisau hayachagui kati ya ua na tumbili.

Mimi kwangu nina dungu katikati ya muhogo, vijana wawili wanapokezana, kamba ndefu zenye makopo zinazunguka shamba, na mbwa watatu wasio na adabu. Sidai kwamba nguruwe hawaingii kabisa. Wanaingia upande ambao mlinzi amesinzia. Bunduki ya mume wangu hutoka mara mbili au tatu kwa msimu, na nyakati hizo bega linavumilia.

Fundi wa Chuma, Masasi

Habari zenu. Mimi si fundi wa silaha wa kiraia na sina kibali cha kuzifungua, lakini nilitumikia jeshini katika karakana, na kuna neno moja katika maelezo ya ndugu wa Nanyamba ambalo naona limepitwa. Amesema mjomba wake alilalamika kwamba bunduki imeanza ukali uzeeni. Bunduki haibadiliki ukali. Kilichobadilika huwa ni risasi.

Naomba utazame vitu viwili. Kwenye kasha la risasi soma urefu, ambao utaandikwa 65, 67 au 70, pengine 76. Kisha, ukiwa umehakikisha bunduki haina kitu ndani, itenganishe kama unavyoitenganisha unapoisafisha, ugeuze mitutu na usome alama zilizogongwa chini yake, kwenye ule ubapa ulio karibu na chemba, yaani pale risasi inapokaa. Ukiona inchi 2½, usifyatue tena mpaka tuzungumze.

Wakati unatafuta, nikupe hesabu ya teke, yaani jinsi bunduki inavyokusukuma bega inapofyatuka. Nguvu inayokufikia begani inakwenda kwa mraba wa msukumo unaotoka mtutuni, na inagawanywa kwa uzito wa bunduki. Ukishuka kutoka gramu 32 hadi 24 kwa mwendo ule ule, ukijumlisha kizibo na baruti, unapunguza msukumo kwa zaidi ya moja ya tano, na teke linashuka kwa kiasi cha theluthi moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo wazo lako la gramu 24 ni sahihi kabisa. Kilichokosewa ni mahali pa kuipatia. Risasi za gramu 24 zinatengenezwa kwa wingi duniani kwa sababu ndizo zinazotumika katika michezo ya Olimpiki ya kulenga visahani. Mwuzaji mwenye leseni anaweza kuagiza ukimwambia uzito na urefu, badala ya kumwambia "nipe za shotigani" na kupokea alicho nacho.

Mpwa wa Nanyamba

Nawashukuru wote, na Bwana Nyama nimekusikia, sijagusa nyingine. Dada wa Tandahimba umenikumbusha dungu la mjomba, ambalo nililiacha likaoza kwa sababu nilijiona nina bunduki.

Fundi, nimefanya ulivyosema. Kasha linasema 70. Chini ya mitutu kuna alama nyingi ndogo, taji na herufi, na kati yake kuna 12 na kuna 2½ iliyofuatwa na alama ya inchi. Nimepima risasi nzima kwa rula nimepata milimita 58, na inaingia kwenye chemba bila kulazimishwa, inafunga vizuri kama zote nilizowahi kutumia. Kwa hiyo sijaelewa tatizo liko wapi.

Fundi wa Chuma, Masasi

Tatizo liko hapo hapo kwenye milimita 58. Urefu unaoandikwa kwenye kasha ni wa ganda likiwa limefunguka, yaani baada ya kufyatuliwa, mikunjo ikiwa imenyooka. Kabla ya hapo risasi ya milimita 70 ni fupi kuliko chemba ya inchi 2½, ambayo ni sawa na milimita 65 kwa hesabu ya viwanda, kwa hiyo inaingia bila kukuonya kwa chochote. Unapofyatua, mikunjo inafunguka mbele, na inapofika mwisho wa chemba inaikuta shingo, pale ambapo tundu linasinyaa kuelekea mtutuni. Mdomo wa ganda unabanwa katika shingo hiyo, kizibo na marisau vinalazimika kupita katika njia iliyopunguzwa, na shinikizo linapanda. Bunduki inapiga teke kubwa zaidi, na mitutu iliyokaguliwa kwa risasi za zamani inabeba mzigo ambao haikukaguliwa kuubeba. Risasi ya kawaida ya 12 yenye milimita 70 inaruhusiwa kufika shinikizo la baa 740, wakati tairi la gari dogo linajazwa baa 2 na kitu. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Nadhani mjomba wako kwa miaka mingi alikuwa akipata risasi fupi, na zilipoadimika akauziwa hizi za 70, akadhani ni umri. Tazama maganda uliyokwisha kuyafyatua: kama midomo yake imechanika au ina ukingo uliosagika, umepata ushahidi wako.

Usikubali mtu akuambie achonge chemba iwe ndefu. Kazi hiyo inapunguza chuma pale pale panapopata shinikizo kubwa, na kwa Uingereza bunduki iliyochongwa hivyo inabidi irudi kukaguliwa London au Birmingham kabla ya kuuzwa. Agiza risasi za milimita 65, gramu 24 au hata 28, na uangalie zisiwe za chuma bali za risasi nyeusi, kwa kuwa marisau ya chuma ni magumu na hayafai kwa mitutu ya zamani. Kwenye kitako weka mpira wa kupunguza teke. Kama mjomba alikuwa na kifua kipana na mikono mirefu, huenda kitako ni kirefu kwako na ndiyo maana kinakaa kwenye mtulinga badala ya kukaa kwenye nyama ya bega. Hilo liangaliwe na fundi mwenye kibali kabla ya kuongeza mpira, usije ukakirefusha zaidi.

Baharia wa Mikindani

Fundi, heshima yako. Mimi niliandika mistari yote ile kuhusu milimita 4 za kijazio, kumbe milimita 5 zilikuwa kwenye chemba.

Mpwa wa Nanyamba

Nimetazama maganda sita niliyoyaokota chini ya mwembe. Manne yamechanika mdomoni, nami siku zote nilidhani ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Swali langu la mwisho ni kuhusu zile saba nilizozifungua. Marisau yako kwenye kopo, na maganda bado yana baruti na fataki. Nifanyeje?

Bwana Nyama Mstaafu

Usizifunge upya, usizifyatue, na usizitupe chooni wala jalalani, kwa sababu watoto hufukua na wanaochoma taka hawatazami. Maganda yenye baruti yaweke kwenye kopo la peke yake, mbali na jiko na mbali na salfa yako ya kupulizia mikorosho, ufunge chumba. Kisha nenda kituo cha polisi ambako leseni yako imeandikwa, bila kuyabeba, mweleze mkuu wa kituo kwamba una risasi saba zilizoharibika unataka kuzisalimisha, naye atakuambia uzilete vipi na lini. Zilizobaki za milimita 70 ambazo hujazifungua zitaje pia, kwa idadi, ili akuelekeze jinsi ya kuzirudisha. Na bunduki ikae bila kufyatuliwa mpaka risasi fupi zifike.

Mpwa wa Nanyamba

Nimeelewa, mzee wangu. Nitakwenda kituoni Jumatatu. Zilizobaki nzima ni kumi na tisa, nimezihesabu mara mbili. Leo jioni tunakata miti ya dungu.